Kuinua gidoni ya Honda XR 125 kwa njia za mawe: vipandishio vya milimita ngapi vinafaa?

Mfuatiliaji wa Himbi (Goma)

Ndugu zangu wapanda pikipiki, nawasalimu kutoka Goma. Kazi yangu ni kufuatilia vituo vya afya, na kwa hiyo sehemu kubwa ya juma ninaimaliza juu ya Honda XR 125, kati ya Himbi, Ndosho, Mugunga na Sake, na mara chache upande wa Kibumba. Wenyeji wanazijua njia hizo: ukishaiacha lami unaingia kwenye mawe ya volkano, na baadhi ya mitaa iliyopitiwa na lava ya Nyiragongo mwaka 2002 bado ina sehemu ambazo mtu hawezi kuzipita akiwa ameketi, isipokuwa kama hana haja tena na uti wake wa mgongo.

Mimi ni mrefu, sentimita 186. Nikisimama juu ya vikanyagio ili miguu ipokee mishtuko badala ya kiti, gidoni, yaani ule usukani wa kushikwa kwa mikono, inakuwa chini mno, nami nalazimika kupinda mgongo na kuinamisha shingo ndipo mikono iifikie. Nikiketi kwa muda mrefu, uzito wa mwili unaangukia viganja na vidole huanza kufa ganzi. Nimeshauriwa nifunge vipandishio, yaani zile rehosi zinazowekwa chini ya gidoni ili iinuke. Katika duka moja la vipuri huko Birere nimeonyeshwa jozi ya aluminiamu yenye urefu wa milimita 50, na fundi aliyekuwa jirani akaniambia nisipoteze pesa, kwa kuwa yeye anaweza kuikata gidoni yangu na kuchomelea kipande cha bomba kila upande.

Ningependa kujua urefu upi unafaa, kama nitalazimika kubadilisha kebo pamoja na mpira wa breki ya mbele, ambayo kwangu ni ya diski, na kama pendekezo la kuchomelea linastahili kufikiriwa hata kidogo. Ningefurahi pia kusikia kutoka kwa mtu aliyekwisha kuizoea gidoni iliyoinuliwa, kwa sababu siku ya kwanza kila kitu kipya hupendeza.

Fundi wa Nyawera (Bukavu)

Kaka, kabla ya kununua chochote, chukua funguo zako na ufanye marekebisho yasiyogharimu hata faranga moja. Gidoni yako ni bomba la chuma lenye kipenyo cha milimita 22.2, nalo limebanwa na makamatio mawili juu ya ile sahani inayounganisha amotisere (shokapu) za mbele. Ukizilegeza bolti za makamatio unaweza kuizungusha gidoni kidogo kuelekea mbele au nyuma, na utashangaa jinsi mzunguko mdogo unavyoyabadilisha mabega. Ukimaliza, legeza maneti ya klachi na ya breki, yaani vile vyuma unavyovivuta kwa vidole. Pikipiki nyingi hutoka dukani maneti zikiwa zimepangwa kwa ajili ya mtu aliyeketi, na anayesimama hulazimika kuvunja kifundo cha mkono ili azifikie. Zishushe mpaka vidole, kiganja na mkono mpaka kwenye kiwiko viwe katika mstari mmoja ukiwa umesimama, kisha uketi uone kama bado unazifikia bila taabu. Wateja wangu wengi waliokuja wakidai vipandishio waliondoka bila kuvinunua baada ya kazi hiyo ndogo, jambo ambalo si zuri kwa duka langu lakini ndivyo lilivyo.

Wakati wa kukaza tena, angalia kama kofia za makamatio zina alama ya nukta. Kwenye Honda nyingi nukta huelekea mbele, bolti za mbele hukazwa kwanza mpaka pengo lifungike, kisha ndipo zinafuata za nyuma, zikibakiwa na pengo dogo upande wao. Mtu anayejitahidi kuyasawazisha mapengo ya aina hiyo huishia kuipasua kofia.

Kama baada ya hayo mgongo bado unapinda, basi wewe ni miongoni mwa watu ambao pikipiki haikutengenezwa kwa kimo chao, na vipandishio vina maana. Ila kuna jambo ambalo muuzaji hatakueleza: gidoni haipandi wima. Inapanda ikifuata mhimili wa usukani, nao umelala kuelekea nyuma, kwa digrii 27 hivi kwenye pikipiki nyingi za aina yako. Kipandishio cha milimita 30 kinaiinua gidoni kwa milimita 27 na kuirudisha kwako kwa takriban milimita 13 au 14. Cha milimita 50 kinairudisha kwa zaidi ya sentimita mbili. Aliyeketi atafurahi, aliyesimama atakuta gidoni inamkaribia tumboni, na akitaka kuinama mbele ili kuupanda mlima hana nafasi. Ndiyo maana baada ya kufunga vipandishio huwa ninaizungusha gidoni mbele kidogo ili kurudisha sehemu ya nafasi iliyopotea.

Kipimo chenyewe utakipata hivi. Mtu mmoja aishike pikipiki isimame wima kwenye sakafu sawa. Wewe panda, simama juu ya vikanyagio, magoti yakiwa yamelegea kidogo, mgongo umenyooka, macho yanatazama mbali. Fumba macho na uache mikono itangulie mbele mpaka mahali inapotaka kukaa yenyewe. Mtu wa pili apime umbali kutoka kwenye viganja mpaka kwenye gidoni. Usiufidie umbali wote, kwa sababu mwili hujizoesha. Chukua nusu yake hivi. Kwa kimo chako nakisia jibu litaangukia kati ya milimita 25 na 35, na ningekuomba uachane na zile za 50.

Kuhusu kebo, watu wengi huchanganya mambo mawili yasiyofanana. Kebo ya klachi, kebo ya gazi (ile ya kuongeza mwendo) na nyaya za umeme zinatoka kwenye gidoni na kwenda kwenye injini na fremu, sehemu ambazo hazigeuki pamoja na gurudumu. Hizo hupimwa kwa kuigeuza gidoni mpaka mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto. Mpira wa breki ya diski unatoka kwenye gidoni na kushuka mpaka kwenye kipande kinachobana diski, na vyote viwili vinageuka pamoja, kwa hiyo kugeuza hakutakuonyesha chochote. Mpira huo hupimwa kwa kuliinua gurudumu la mbele mpaka lining'inie na amotisere zinyooke kabisa, kama zinavyonyooka unaporuka jiwe. Weka jeki au kreti imara chini ya injini, acha gurudumu lining'inie, kisha utazame: ikiwa mpira umenyooka kama uzi wa fundi mwashi, ni mfupi, na hupaswi kuondoka garajini.

Mama Fizio (Goma)

Kaka yangu, mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, nami nitalishika lile la ganzi pekee, kwa sababu naona linataka kumezwa na habari za milimita. Tafadhali angalia ni vidole vipi vinavyokufa ganzi. Ikiwa ni kidole cha mwisho na kile kinachokifuata, neva inayobanwa ni ile inayopita upande wa nje wa kiganja na nyuma ya kiwiko. Ikiwa ni kidole gumba, cha shahada na cha kati, ni neva ya katikati, ambayo inabanwa ndani ya kifundo cha mkono, hasa kifundo kikikaa kimekunjwa kwa muda mrefu. Hali ya kwanza mara nyingi hutokana na uzito wa mwili kuegemea kiganja, na hapo gidoni ikiinuliwa utapata nafuu. Hali ya pili haitapona kwa kipandishio ikiwa maneti zako bado ziko mahali pabaya. Alichokuandikia Fundi kuhusu mstari wa mkono ndicho chenye dawa.

Kuna na mtikisiko wa injini. Injini ya silinda moja hutikisa gidoni, na kipandishio cha chuma kitupu hakipunguzi mtikisiko huo. Vipini vya mpira mnene husaidia, na vile vizito vinavyofungwa kwenye ncha za gidoni hupunguza mtikisiko kwa namna ambayo hata mgonjwa asiyejua pikipiki huitambua. Jichunguze pia kama hukamati vipini kwa nguvu kupita kiasi: juu ya mawe yanayoteleza kila mtu hubana, na misuli inayobanwa bila kupumzishwa hufa ganzi hata kama gidoni iko mahali pake kabisa. Anayesimama hubana tanki kwa magoti, mikono ikabaki ya kuongoza.

Jambo la mwisho ni onyo dhidi ya kupandisha sana. Mtu akiketi wima kabisa, kila pigo la kiti linapanda moja kwa moja kupitia pingili za mgongo, ilhali akiinama kidogo mbele nyonga zinakunjika na kulipunguza. Tena mikono inayoshikilia kitu kilicho karibu na usawa wa mabega huchosha misuli ya shingo. Nimewapokea waendeshaji waliotoka kwenye ganzi ya vidole wakaingia kwenye maumivu ya shingo kwa sababu hiyo hiyo. Na kama ganzi inabaki usiku ukiwa umelala, au vidole vinaangusha vitu, usingoje vipandishio, nenda ukapimwe.

Motari wa Ndosho (Goma)

Wakubwa zangu, ninawaheshimu, lakini nyote mnazungumza kana kwamba mtu hupanda pikipiki peke yake. Mimi ninabeba abiria kwa pikipiki ya TVS kutoka asubuhi. Abiria akiketi nyuma, na hasa akiwa na mzigo mapajani, dereva husukumwa mbele mpaka karibu na tanki. Gidoni iliyoinuliwa na kurudishwa nyuma inakuwa kifuani, viwiko vinatoka nje, na katika msongamano wa Birere viwiko vilivyotoka nje hugonga vioo vya magari au hugongwa na mzigo wa chukudu, lile baiskeli la mbao la kusukuma mizigo. Ndugu Mfuatiliaji, ikiwa kazini huwa unambeba mwenzako, fanya kile kipimo cha kufumba macho ukiwa naye nyuma yako. Jibu litakuwa jingine.

Wenzangu wengi hawanunui vipandishio. Wananunua gidoni nzima iliyokunjwa juu zaidi, ya namna ile ya Yamaha AG 100, ambayo ilibuniwa kwa ajili ya watu wa mashamba na ina gidoni pana na ndefu tangu kiwandani. Kipenyo kikiwa hicho hicho cha milimita 22.2, inaingia kwenye makamatio yale yale bila bolti mpya. Faida yake ni kwamba hakuna kiungio kilichoongezwa ambacho kinaweza kulegea. Hasara yake ni upana: ile pana inaleta nguvu ya kugeuza juu ya mawe, lakini inakunyima kupita kati ya malori mawili. Unaweza kukata ncha zake kidogo kila upande, ukikumbuka kwamba vipini na maneti vinahitaji sehemu iliyonyooka ya kukalia.

Pia tazama kiti chako. Mashirika mengi huacha sponji ikaisha mpaka mtu anakalia ubao, na kiti kikishuka magoti hupanda, mgongo ukajikunja, gidoni ikasingiziwa. Lakini ukijaza sponji mpya na nene, jua kwamba umejiinua wewe, na kwa hiyo gidoni itakuwa chini zaidi kuliko jana. Anza na kiti, kisha upime gidoni.

Mkereza wa Katuba (Lubumbashi)

Nawasalimu ndugu wa Kivu. Mimi ninakereza vyuma hapa Katuba, na manseba wetu wa Lubumbashi, yaani wale mnaowaita motari, wananiletea kazi za namna hii mara kwa mara. Nitasema kuhusu bolti, kwa sababu katika mazungumzo yote ya vipandishio naona bolti husahauliwa, na ndizo zinazomshika mtu.

Vipandishio viko vya aina mbili. Aina ya kwanza ni kipande kinachokaa chini ya kamatio, na bolti ya awali hubadilishwa na ndefu zaidi. Aina ya pili ina kamatio lake lenyewe: chini inashika mahali pa gidoni ya zamani, juu inaishika gidoni. Kwa aina ya kwanza, kipandishio cha milimita 30 kinataka bolti iliyo ndefu zaidi kwa milimita 30 kamili. Wanaouza jozi zenye bolti fupi hukwambia kwamba imeshika, na kweli imeshika, lakini kwa nyuzi tatu au nne tu. Kwa bolti ya M8, yaani ya unene wa milimita 8, inayoingia kwenye aluminiamu mimi sikubali chini ya milimita 12 za uzi ulioshika, na nikiweza kupata 16 ninazichukua. Pima kina cha tundu kwa kijiti kabla ya kununua bolti, kwa sababu ndefu kupita kiasi nayo hugonga mwisho wa tundu, ikaonekana imekazwa wakati kamatio bado linacheza.

Soma kichwa cha bolti. Inapaswa kuandikwa 8.8 au 10.9, ambayo ni madaraja ya uimara. Bolti isiyo na maandishi, na hasa fito ya uzi inayokatwa kwa msumeno sokoni, ni chuma laini cha kufungia milango. M8 ya 8.8 hukazwa kwa nyutoni mita 20 hadi 25, na M6 kwa 10 hadi 12. Asiye na ufunguo wa kupimia nguvu achukue ufunguo wa sentimita 20 na auvute mwishoni kwa nguvu ile ambayo angetumia kuinua kilo 11. Hiyo ni karibu nyutoni mita 22. Tia tone la gundi ya uzi ya rangi ya buluu. Usitumie nyekundu, kwani siku ya kufungua utahitaji moto.

Kuhusu kuchomelea, jibu langu ni hapana, nami ninalitoa nikiwa na mashine ya kuchomelea hatua mbili kutoka hapa nilipoketi. Bomba la gidoni ni jembamba, na joto hubadilisha tabia ya chuma pembeni mwa mshono, ambapo hapo ndipo ufa huanza kutokana na mtikisiko. Ufa huo hujificha chini ya kromu au rangi mpaka siku unapoegemea gidoni kwa uzito wako wote juu ya jiwe. Mabomba ya maji yanayopendelewa na mafundi wa kona hayakutengenezwa kwa kazi ya kupindwa mara maelfu. Breki zikikosa nguvu utapata dalili. Gidoni ikikatika mkononi hakuna dalili.

Juu ya malighafi, kipandishio kizuri hukatwa kutoka fito ngumu ya aluminiamu, daraja la 6061 kwa mfano. Aluminiamu ya chakavu inayoyeyushwa na kumiminwa, ile ya masufuria, ina viputo ndani yake, nami nimekwisha kuvipasua vipandishio vya namna hiyo kwa kuvibana tu kwenye jiliwa. Watu huniuliza kwa nini nisitumie shaba, kwa kuwa tuko Lubumbashi na shaba ndiyo jina la mji. Ni laini na ni nzito, basi, tena nikiiacha kwenye pikipiki usiku mmoja haitakuwapo asubuhi.

Nakubaliana na Fundi kwamba milimita 50 ni nyingi, nami naongeza sababu ya kimakanika: kadiri gidoni inavyosogea mbali na sahani ya juu, ndivyo nguvu ileile ya mikono inavyozidi kuzipinda bolti. Ikiwa pikipiki yako ina silenbloki (vipande vya mpira vya kupunguza mtikisiko) chini ya makamatio, kipandishio kirefu kitaifanya gidoni iyumbe kwenye mpira huo na usukani utakuwa kama umelewa. Kupanga vipandishio viwili, kimoja juu ya kingine, nako sitakufanya kwa malipo yoyote. Suala la upepo halikuhusu sana huko kwenye mawe, lakini mteja wangu anayekwenda Likasi kila juma, kilomita 120 hivi za lami, aliinua gidoni na sasa analalamika kwamba kifua chake kimekuwa tanga. Tumeirudisha chini nusu.

Mfuatiliaji wa Himbi (Goma)

Ninawashukuru wote, Mama Fizio kwa namna ya pekee, kwa sababu vidole vyangu ni viwili vya mwisho na tayari ninajua pa kuangalia. Nimeanza na kiti na maneti kama mlivyoagiza, kisha nikafanya kipimo cha kufumba macho, na nimefunga vipandishio vya milimita 30 vyenye bolti za 10.9. Huwa sibebi abiria. Nikisimama, shingo inakaa wima na mgongo haupindi tena. Gurudumu likining'inia, mpira wa breki una ulegevu wa kutosha.

Limebaki tatizo moja. Injini ikiwa katika ralanti, yaani ikiunguruma polepole bila gazi, nikiigeuza gidoni mpaka mwisho wa kushoto, mzunguko wa injini unapanda wenyewe, na nikiirudisha katikati unashuka. Kijana wa garaji anasema nilegeze tu skrubu ya kebo mpaka sauti isipande. Je, hilo linatosha?

Fundi wa Nyawera (Bukavu)

Halitoshi, kaka, na tafadhali usiiendeshe pikipiki hiyo mjini kabla ya kulimaliza. Kinachotokea ni kwamba kebo ya gazi imekuwa fupi kwa njia inayopita, na unapogeuza inajivuta yenyewe na kuifungua kabureta. Siku utakapogeuka mahali pembamba, polepole, mguu mmoja chini, pikipiki itakuongezea mwendo bila wewe kuuomba, wakati huohuo gidoni ikiwa imekunjwa hadi mwisho. Skrubu ya kebo iko kwa ajili ya kurekebisha ulegevu wa kipini, ambao unapaswa kuwa milimita 2 hadi 6 za mzunguko. Ukiitumia kuficha ufupi wa kebo, kebo itaendelea kuvutwa kila unapogeuza mpaka nyuzi zake zianze kukatika moja moja, na kebo yenye nyuzi zilizokatika hukwama ikiwa wazi.

Toa tanki ili uione njia yote. Mara nyingi kebo imepitishwa ndani ya pete ya waya karibu na taa au imefungwa kwa kamba ya plastiki pamoja na nyaya za umeme. Ikate kamba hiyo, itoe kebo kwenye pete, na uitafutie njia fupi zaidi ambayo haina kona kali na haigusi mahali ambapo gidoni inaibana dhidi ya fremu. Sentimita mbili zinazohitajika hupatikana hapo kwa pikipiki nyingi. Ukishaifungua kamba, zitazame na nyaya za umeme: zikinyooka unapogeuza, shaba iliyo ndani ya plastiki itakatika bila kuonekana, na utaanza kutafuta kwa nini taa inazima ukikata kona.

Kama kebo bado inavuta, nunua iliyo ndefu zaidi, ukihakikisha kwamba waya wa ndani na ganda la nje vyote vimeongezeka kwa kiasi kilekile, kwa kuwa ganda likiongezwa peke yake kabureta haitafunga. Rudia jaribio kwa injini iliyopata joto, kushoto na kulia, kwanza gurudumu likiwa chini, kisha likining'inia, na ukiwa hapohapo angalia kwamba maneti ya klachi bado ina milimita 10 hadi 20 za ulegevu kwenye ncha yake na kwamba hakuna kidole kinachobanwa kati ya kipini na tanki mwisho wa kugeuza. Ukirudi kutoka Sake, zipime tena zile bolti za M8 pikipiki ikiwa imepoa.